SeaBus ya Vancouver: kivuko kilichoniokolea safari ya mvua

Kama unapanga kwenda Vancouver, Canada, najua ushaambiwa habari za mvua, na ni kweli, kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 3 hivi inanyesha ile rasharasha isiyokata, sio ya radi na kelele, inanyesha tu taratibu siku nzima mpaka jioni. Mi nilienda mwezi wa 11 nikiwa nimeshapangia kila siku kitu chake, jumatano mlima Grouse ulioko ng'ambo ya maji, tiketi nishalipia kabisa, jumatano imefika nachungulia dirishani hakuna mlima. Mawingu yameuficha wote utadhani haujawahi kuwepo.

Ndo nikaingia SeaBus, na toka siku hiyo kila siku nilikuwa nakipanda. Hiki ni kivuko cha abiria watupu, magari hayaingii, kinavuka ghuba ya Burrard kutoka stesheni ya Waterfront katikati ya mji mpaka Lonsdale Quay, North Vancouver, dakika 12 tu. Kipo toka 1977. Mchana kinaondoka kila baada ya dakika 10 au 15, usiku ndo inafika nusu saa, kwa hiyo hata ukikikosa hapo hapo unakaa kidogo tu na unasubiria ndani hulowi.

Raha yake kwa mtu anayepanga safari ya mvua ni hii, sio feri ya watalii, ni usafiri wa kawaida wa mji, nauli ile ile. Unagusisha kadi ya Compass, ile ya nauli za mji (hata kadi ya benki inakubali), ndani ya dakika 90 unaunganisha treni, kivuko na basi bila kulipa upya. Kuvuka kunahesabiwa kanda 2 za nauli, lakini baada ya saa 12 na nusu jioni, na wikendi yote, unalipa ya kanda 1 tu. Kwa hiyo huna sababu ya kujifunga na tarehe, asubuhi angalia kamera za mlima wa Grouse mtandaoni, wameziweka wazi kila mtu anaona, ukiona kweupe toka mbio, SeaBus halafu basi 236 mpaka chini ya mlima. Ukiona ukungu panda basi 228 nenda Lynn Canyon, kule kuna daraja la kamba la kuning'inia na halilipiwi, na msitu ule kwa kweli unapendeza zaidi ukiwa umelowa, mto umejaa unanguruma chini yako, miti imevaa kuvumwani za kijani mpaka juu. Mi nilikaa kule masaa 3, nikasahau kabisa habari ya Grouse.

Ila jua kwamba ukivuka unaifuata mvua yenyewe. Mawingu yanatoka baharini Pasifiki, yakikutana na milima yanalazimika kupanda, yanapoa, yanamwaga pale pale. Ndo maana upande wa uwanja wa ndege kwa mwaka inapata kama milimita 1,200 lakini chini ya milima inazidi 2,000. Nimeshawahi kuacha mjini manyunyu nikakuta Lonsdale inamwagika haswa! Kwa hiyo koti, tena koti la mvua la kweli. Mi nilinunua la bei rahisi duka moja siku ya kwanza, siku ya pili mabega yote yamelowa, nikarudi kununua lingine. Mwavuli msituni haukusaidii kitu.

SeaBus yenyewe haina sehemu ya kusimama nje, wote mnakaa ndani, na siku ya mvua vioo vinajaa matone, picha hazitoki vizuri. Wahi kuingia ukae viti vya mbele kabisa. Jioni ukiwa unarudi mjini taa zote za maghorofa zinalala juu ya maji, hapo we weka simu mfukoni uangalie tu.

Nyota 5 kwangu. Na ukitoka uwanja wa ndege, treni ya Canada Line inakuleta mpaka hapo hapo Waterfront kama dakika 25, unakatwa dola 5 za ziada kwa kutokea airport, siku ya kurudi haikatwi.