Miezi sita ya intanshipu kwenye shirika kubwa la misaada, ukweli wangu

Haya wale mnaoulizaga, nimemaliza wiki jana. Jina silitaji ila ofisi ziko Masaki, AC inagandisha mpaka vidole. Nilienda na digrii yangu ya maendeleo ya jamii nikijua ntakuwa fildi kila siku, kumbe miezi miwili ya kwanza ni kubandika risiti za masurufu, yaani hela ya matumizi ya kazi inayotolewa kabla, kwenye karatasi za A4, risiti ya mafuta huku, ya maji huku, na ole wako moja ikose tarehe inarudishwa yote. Posho ni ya nauli tu, na mimi natokea Mbagala, daladala mbili kwenda mbili kurudi, chakula jitegemee.

Ila fildi aisee nilifaidi. Tulienda Kasulu, kule Kigoma, kukusanya data kwa Kobo, app ya kujazia dodoso kwenye simu, bibi mmoja akaniuliza "mjukuu wangu, na wewe umekuja kuandika majina tu?" Nikakosa jibu kabisa.

Msimamizi wangu dada mwelewa sana, alinifundisha kuandika ripoti akinisahihisha mstari kwa mstari. Cheti nacho mpaka leo "kinasainiwa". Nawapa nyota 3.