Dawa ya kutu kwenye pikapu yangu ya Peugeot 504, baada ya miezi 14

Kwa wenye haraka niseme mapema: hii dawa ya kutu ya kupaka, ile nyeupe kama maziwa ambayo ukiipaka inageuka nyeusi, inafanya kazi. Ila hapa Mombasa kama hujatoa chumvi kwanza basi pesa yako umeimwaga, na mimi niliimwaga mara mbili ndo nikaelewa. Jina la kopo sitalitaja manake makosa mengi yalikuwa yangu na mengine ya muuzaji, kopo lenyewe lilikuwa limeandika kila kitu kwa nyuma kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Gari ni pikapu ya 504 ya mwaka 1984, petroli, cc 1971, na hio namba ishaniletea mabishano mengi manake mtu akisikia 1971 anadhani ni mwaka wa gari. Ilikuwa ya marehemu babangu, ilibeba nazi na makuti kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea mpaka mzee alipochoka, kisha ikalala nyuma ya nyumba Kisauni chini ya mwembe miaka tisa. Mie nimekulia nyuma ya hio gari, kwa hivo msiniulize kwa nini sikununua Probox nikatulia. Kwa wasiozijua, 504 ya kawaida ilitoka 1968, pikapu ikaja 1979, na pikapu imetengenezwa kwa mzigo kweli, nyuma ina ekseli nzima na springi zile za mabamba yaliyolaliana, si kama ile saluni ambayo kila gurudumu la nyuma linajitegemea. Wazee wa Safari Rally watakwambia Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978 na ile ya milango miwili ya V6. Injini haikunisumbua sana, kabureta ilioshwa na kuwekewa gasketi mpya, plagi, mipira ya maji, betri, ikawaka siku ya tatu na moshi wake. Bodi ndo ilikuwa msiba.

Nyumba yetu na bahari si mbali, kusi likivuma usiku asubuhi unapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha ukilamba ni chumvi. Sasa fikiria gari lililokaa hapo miaka tisa. Sakafu ya upande wa dereva nilikuwa naona kuku wakipita. Chini ya milango kumeoza, manake vitundu vya kutolea maji viliziba na majani ya mwembe, na bati la kitanda cha nyuma lilikuwa linabanduka kama maganda ya kitunguu. Hapo kwenye matundu dawa haina kazi, niliita fundi wa weldingi akakata akaziba na bati la geji 20, siku nne, nikamlipa nikaendelea. Naona watu wanapaka dawa juu ya tundu na kumwaga fila, ule unga wa kuzibia bodi, juu yake wanapiga rangi, halafu wanauza. Ogopa pikapu ya zamani iliyong'aa sana chini ya milango, beba sumaku mfukoni uipitishe, isiponata hapo ni unga mtupu.

Dawa nilinunua mwezi wa kwanza mwaka jana, lita moja shilingi 1,450, nikamuuliza muuzaji inatumikaje akasema "we paka tu juu ya kutu, yenyewe inakula." Basi nikapaka. Nilikwangua kidogo na brashi ya waya, nikapangusa na kitambaa, nikapaka chesisi yote na ndani ya kitanda, ikageuka nyeusi mbele ya macho yangu nikafurahi kama mtoto. Siku ya pili praima, siku ya nne rangi. Mwezi wa tano masika yalipokolea nikaona vipele. Rangi inavimba kama mtu aliyeungua na mafuta ya viazi karai, ukibonyeza inapasuka na ndani kuna maji ya rangi ya chai. Niliumwa na roho walai.

Nikajilaumu kwamba sikuosha. Nikasema sawa, naanza upya. Mwezi wa sita nikakodi mashine ya kuosha kwa presha, nikavuta maji ya kisima cha hapo uani nikapiga gari siku nzima, juu, chini, ndani ya mikunjo yote. Likakauka, nikakwangua kwa grainda na msasa mpaka mikono ikafa ganzi, nikapaka dawa kopo la pili. Wiki tatu tu, kabla hata ya rangi ya mwisho, kutu ya rangi ya machungwa inachungulia kwenye kona.

Hapo ndo akaja mzee jirani yetu, alikuwa baharia wa majahazi zamani, sasa anakaa barazani na kahawa yake chungu akiangalia dunia inavyohangaika. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaangalia gari, akaangalia mpira wa maji, akaniuliza, "Mwanangu, maji haya ushayaonja?" Nikamwambia mzee hayo ni ya kisima, sisi huoshea vyombo tu. Akasema, "Hebu yaonje." Nikaonja. Yaani mtu amezaliwa hapa, amekulia hapa, anajua kabisa kwamba ukiogea maji ya kisima sabuni haitoi povu na ukipika nayo chai inakataa, halafu anachukua hayo hayo maji anaoshea chumvi kwenye gari. Nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Mzee hakucheka, alikoroga kahawa yake tu, na hio ndo iliniuma zaidi.

Mwezi wa nane nikanunua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, mtungi mmoja baada ya mwingine, kijana wa mkokoteni akaniuliza kama nina harusi. Kuna siku bomba la kaunti likatoka usiku nikaamka saa nane nikajaza pipa, hayo ni maji ya chemchemi ya Mzima au visima vya Baricho, matamu, sabuni inapiga povu. Nilifanya hivi: nikalowesha chesisi na maji yenye sabuni kidogo, nikaacha yakae, nikasugua na brashi ya waya wakati bado mbichi, nikasuuza, nikaacha likauke, kisha kesho yake tena, na kesho yake tena, mara tatu. Sababu ni kwamba chumvi haikai juu ya kutu peke yake, imejificha chini kwenye vishimo, ukisuuza mara moja unatoa ya juu tu, na ikibaki huko inavuta unyevu wa hewa hata kama juu umepaka nini, na hewa ya huku haiishi unyevu. Bati linaendelea kuliwa huku wewe umelala.

Baada ya hapo dawa ile ile, kopo la tatu. Safari hii nilisoma kopo. Ndani kuna asidi ya fosforiki na tanini. Tanini ni ile ile iliyo kwenye chai ya rangi na kwenye magome ya mikoko, wazee wa pwani walikuwa wakiyauza magome hayo kwa wanaotengeneza ngozi. Ikikutana na kutu inatengeneza kitu cheusi kigumu kisichoendelea kuoza kirahisi. Kwa hivo inahitaji kutu ili ifanye kazi, kwenye bati linalong'aa haina cha kushika, na mimi kopo la pili nilikuwa nimesugua sehemu zingine mpaka zikawa kama kioo nikaipaka hapo bure. Nyingine ni kwamba usichovye brashi kwenye kopo lenyewe, mimina kidogo kwenye kibakuli, la sivyo kutu inaingia koponi na dawa yote inaganda. Na usipake jua la saa saba, inakauka juu kabla haijapenya. Mimi nilipaka saa tatu asubuhi umande ukishakauka, nikarudia mara mbili, nikaacha siku mbili kabla ya praima ya mafuta. Vaa glavu na miwani, ilinirukia mkononi ikawasha mpaka jioni.

Vitu vidogo sikuvipaka dawa kabisa. Bawaba za milango, vishikio vya bampa, nati na bolti zinazoweza kuokolewa, hizo nilizitoa kutu na umeme na magadi. Ndio, magadi haya haya ya kuchemshia maharagwe, mama watoto aliyakosa jikoni akanitafuta. Unayayeyusha kwenye ndoo ya plastiki, vijiko kama vitatu vya kula kwa lita kumi, unaning'iniza chuma chako kwa waya, unaweka vipande vya nondo pembeni visigusane, chaja ya betri waya wa hasi kwenye chuma chako na chanya kwenye nondo. Ukigeuza umeharibu bawaba yako. Inatoa vipovu usiku mzima, asubuhi kutu imelegea unaipangusa kama masizi. Fanya nje palipo wazi maana hivyo vipovu vina gesi inayolipuka, usiweke stenlesi upande wa nondo maana inatoa sumu, na kitu cha aluminiamu usikithubutu, magadi yatakimaliza. Kwa bei hakuna dawa ya dukani inayoifikia hii, ila chesisi huwezi kuiingiza kwenye ndoo.

Sasa ndani ya milango na ndani ya mihimili ambako brashi haifiki. Watu wengi hapa humwaga oili chafu ya injini, nami nilifikiria hivo, lakini oili inalainisha mipira ya springi na kwenye joto inachuruzika yote chini. Yule mzee akaniambia nijaribu sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi. Nilidhani utani, nikaenda kusoma kidogo nikakuta kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani ilianzishwa 1921 na nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliyeona mafuta ya samaki yakimwagika kwenye deki yenye kutu na kutu inasimama pale pale. Kumbe mzee anajua. Nikapata sifa chupa moja, nikaipuliza ndani ya mlango wa kushoto peke yake, wa kulia nikaweka nta ya kupuliza ya dukani ili nilinganishe.

Kuhusu harufu sitaki kudanganya mtu. Paka wa mtaa mzima walihamia kwenye ile gari. Niliamka siku moja nikahesabu kumi na mmoja, wengine juu ya boneti, mmoja kaingia ndani kupitia dirishani amelala kwenye kiti ambacho nilikuwa nimekishona wiki hio hio. Mke wangu alikataa kupanda miezi miwili. Harufu imepungua saa hii, siku ya jua kali tu ndo unajua kuna papa mahali.

Rangi nilipiga buluu ile ya bahari ya asubuhi, si ya kiwandani, najua wapenda asili mtanilaumu, na kitanda cha nyuma nikatandika mbao za mvule juu ya bati nikiacha nafasi hewa ipite chini. Mbao zinatoka kwa nati sita ili niweze kuosha chini yake, na hilo naona ndo jambo la busara kuliko yote niliyoyafanya.

Basi dawa yenyewe naipa 7 kwa 10. Kopo tatu ni shilingi 4,350 na mbili zilienda bure. Imepita vuli, imepita kaskazi lote, chesisi iko nyeusi kama nilivyoiacha, sehemu mbili tu karibu na tangi la mafuta zimeanza kuchungulia, na hapo najua sikusuuza vizuri maana mkono haufiki. Kama gari lako linakaa bara kavu huko Voi au Nairobi pengine utapaka mara moja usahau. Wa Nyali, Bamburi, Likoni na sisi wa Kisauni, hesabu pesa ya maji kwanza, mie maji yalinigharimu kuliko dawa. Na wanaouliza kama ni lazima kuonja, mimi sasa naonja, hata ya bomba.

Masika yakiisha nitafungua milango yote miwili nione ndani kukoje. Mzee ameweka dau la kahawa kwamba wa kushoto utashinda, paka nao wanaonekana wako upande wake.