Programu ya f2c: mkalimani mwaminifu mwenye mwandiko mbaya

Anayetaka kutumia hesabu za zamani zilizoandikwa kwa Fortran 77, lugha ya programu, ndani ya mradi wa lugha ya C halazimiki kuziandika upya kwa mkono. Tangu mwaka 1990 ipo f2c, programu iliyotoka AT&T Bell Laboratories na Bellcore, ambayo husoma faili la Fortran na kutoa faili la C linalofanya kazi ileile. Nimeipitishia subrutini (vijiprogramu vinavyoitwa na programu kuu) kadhaa za matriki, yaani majedwali ya namba, na kwa upande wa usahihi wa majibu sina la kulalamikia. Wala si mimi tu niliyeiamini: CLAPACK, yaani LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki, katika vazi la C, ilizalishwa kwa f2c, na hata watunzaji wa Pyodide, yaani Python inayoendeshwa ndani ya kivinjari, waliitegemea, pamoja na viraka vyao wenyewe, ili kuifikisha huko SciPy, maktaba ya Python ya hesabu za kisayansi.

Uso hukunjamana pale unapolifungua faili lililotoka. Fortran huhesabu kuanzia 1 na kupanga matriki safuwima kwa safuwima, ilhali C huanzia 0 na kupanga mstari kwa mstari. F2c huitatua tofauti hiyo kwa kuisogeza pointa (anwani ya data kwenye kumbukumbu) nyuma mwanzoni mwa funksheni, kisha kuandika rejeo kwa sura ya a[i__ + j * a_dim1]. Ni sahihi kabisa, na kusomeka ni taabu kabisa. Hoja zote, yaani thamani zinazopewa funksheni, hupitishwa kwa pointa, hata ikiwa ni namba moja tu. Majina ya subrutini hubandikwa alama ya mstari wa chini (_) mwishoni. Na kila hoja ya maandishi huzaa hoja ya pili inayobeba urefu wake, nayo huwekwa mwishoni mwa orodha, mahali ambapo mwandishi wa C hatarajii kuikuta.

Lililo hatari zaidi halionekani kwa macho. Usipoielekeza vinginevyo, f2c huifanya funksheni ya aina ya REAL (namba ya desimali ya usahihi wa kawaida) irudishe namba ya usahihi maradufu, kama ilivyofanya f77, kompaila ya Fortran iliyoitangulia. Ukiunganisha msimbo huo na maktaba inayorudisha namba ya usahihi wa kawaida, utapata takataka bila onyo lolote. Chaguo la -R huzuia jambo hilo, na mimi ningelitumia tangu siku ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba matokeo huhitaji maktaba ya libf2c, hasa kwa kusoma na kuandika data, na kwamba msimbo wa Fortran 90 haupokelewi.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa sharti moja: Fortran ibaki kuwa msimbo chanzo, marekebisho yafanyike huko, na faili la C lizalishwe upya kila mara. Anayetafuta msimbo wa C wa kuutunza kwa mkono kwa miaka ijayo atatumia muda mwingi kuusafisha kuliko ambao angetumia kuuandika.