Jiko la makaa au hita ya umeme kwa baridi ya Molo?
Julai ikifika Molo, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, wengi huingiza jiko la makaa chumbani. Ni rahisi, na chai inachemkia hapo hapo. Lakini makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukifunga madirisha ukalala, huenda usiamke. Mimi silitaki jiko hilo ndani ya chumba cha kulala, hata yakibaki makaa mawili mekundu.

Hita ya umeme yenye mafuta ndani haina moshi, na mafuta yake hayaongezwi. Shida ni tokeni za umeme: ya wati 1,500 inaweza kula yuniti moja na nusu kwa saa. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si ekstensheni. Usianike nepi juu yake (wazazi wenzangu, nawajua!), na uipanguse vumbi ikishapoa.