Nimelipia mwezi mzima nione dakika mbili, na hizo mbili ndizo nilizokosa

Jamani mimi sina ugomvi na farasi. Farasi wamenitendea wema kuliko hiyo apu ya kuangalia tv, na nawaambia hivi kabla hamjaingiza namba ya kadi yenu.

Sisi tunaoishi hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, tunajua Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano si siku ya kawaida: ni siku ya Derby, mbio kubwa za farasi. Ijumaa yake watoto hawaendi shule, watu wazima wanavaa kofia pana kama ungo, na hata sie wa ghalani, zamu ya usiku, ambao farasi wa mashindano na punda wa Lamu tunawatofautisha kwa masikio tu, tunachangishana dola tano tano. Vijikaratasi ishirini vinatiwa kwenye kofia, unaokota wako, farasi wako akishinda unabeba mia nzima.

Mwaka ule wa farasi Rich Strike, 2022, waliokuwepo wanaujua, mimi niliokota namba 20, Ethereal Road. Ijumaa asubuhi tunatoka zamu tunasikia katolewa mashindanoni. Msimamizi akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia bwana we chukua tu huyo wa akiba aliyeingia badala yake, namba 21. Mpaka mbio zinaanza dau lake lilikuwa 80 kwa 1, yaani dola moja inalipa themanini, maana hakuna anayemtegemea. Yaani hata wanaomfuga nadhani walikuja kuangalia kofia. Nikaenda nacho kile kijikaratasi nyumbani, nikamwonyesha jirani yangu kwenye ngazi, mzee mmoja wa Bukavu tunamwita Papa, tukacheka wote.

Sasa apu. Ni hizi zinazouza chaneli za tv za moja kwa moja kupitia intaneti, jina nalihifadhi. Nililipa mwezi mzima, dola sabini na ushee, kwa ajili ya Derby tu. Na nisiwe mwongo, mchana kutwa ilikuwa safi. Matangazo yanaanza mchana mapema na mbio zenyewe ni karibu saa moja usiku, jua bado lipo, kwa hiyo nilikaa saa nne na zaidi naangalia matajiri wanahojiwa kuhusu kofia, picha haitetemeki hata kidogo. Tarumbeta ikapigwa, safi. Watu wakaimba ule wimbo wao wa jimbo huku wanalia, safi. Farasi wakaingizwa kwenye mageti, wangu wa mwisho kabisa huko pembeni. Mageti yakafunguka, wakatoka kasi ya ajabu, wakapita mbele ya jukwaa, wakazunguka kona ya kwanza, na mtangazaji namba 21 hamtaji kabisa, kama vile hayupo.

Halafu kiduara.

Kile kiduara cha kijivu, kinazunguka. Nyuma yake farasi wameganda kwenye kona ya mwisho, miguu iko hewani. Nikabonyeza rimoti, nikakimbilia waifai, nikaichomoa nikaichomeka (hapo ndipo nilipojimaliza, nakiri, maana kuwaka kwake peke yake ni dakika tatu na mbio zote ni dakika mbili). Niko pale nimepiga magoti mbele ya kile kidubwana chenye taa nyekundu, nikasikia kwa Papa, ukutani, watoto wanapiga kelele: vingt et un! vingt et un! Yaani ishirini na moja, ndugu zetu wa Kongo hesabu wanafanya kwa Kifaransa. Nilidhani wananitania.

Picha iliporudi namwona farasi mwekundu anataka kumng'ata farasi wa yule mtu aliyetumwa kumshika. Ndiye wangu, Rich Strike mwenyewe, kashinda. Alikuwa nyuma kabisa ya kundi, akajipenyeza katikati ya wenzake mpaka akaupata uzio wa ndani, akawapita Epicenter na Zandon waliokuwa mbele, hatua za mwisho kabisa. Haya nayajua kwa marudio. Mimi niliyemiliki hicho kijikaratasi, sikuona.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwenye chati. Jibu la kwanza: je, umejaribu kuzima na kuwasha? Nikamweleza vizuri tu. Jibu la pili, nalikumbuka neno kwa neno: tukio ulilotaja limeshamalizika. Eti limeshamalizika! Ndiyo maana nakuandikia wewe, bwana we! Mwishoni wakanipa punguzo la dola tano. Sawasawa na bei ya kijikaratasi.

Papa akaja mlangoni kunipongeza, akaitazama tv yangu akasema, "Mwanangu, yako iko inachelewa." Kweli bwana, hata isipoganda ipo nyuma, jirani anashangilia wewe bado farasi wako yuko kwenye kona. Yeye ana antena ya dirishani, bapa kama karatasi, aliinunua mara moja tu, na NBC, kituo kinachoonyesha Derby, hapa inashikwa bure hewani chaneli ya 3. Bure! Hapo ndipo hasira zilipopanda upya.

Ile apu niliifuta usiku ule ule. Sasa nisiwadanganye, mwezi wa nane ligi ya Uingereza ilipoanza nikarudi, na kwenye mpira haijawahi kunikwamisha, labda ni mimi na hiyo waifai yangu. Wala antena nayo si malaika. Mji huu ndege za mizigo zinapita juu ya paa usiku na mchana, ikipita moja picha inamegeka vipande vipande. Derby moja baadaye tumejazana kwa Papa, viti tumebeba toka kwangu, farasi wanaingia kona ya mwisho, ndege hiyo. Papa akanyanyuka, akaibandika antena kwenye kioo kwa kiganja, akasimama hivyo hivyo kaipa tv mgongo mpaka mbio zikaisha, akawa anauliza tu, ni nani? ni nani?

Apu naipa nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya mpira.