BMP280: barometa ndogo kuliko punje ya mahindi

Ukanda wa ikweta unahitaji barometa inayohisi mabadiliko madogo. Mgandamizo wa hewa hapa hauyumbi sana kati ya siku na siku. Hupanda hadi karibu saa 4 asubuhi, hushuka hadi saa 10 alasiri, kisha hupanda na kushuka tena usiku, kwa tofauti ya hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 3 hivi. BMP280, kihisi cha kampuni ya Bosch, huchora wimbi hilo bila shida, kwa kuwa kosa lake kati ya kipimo na kipimo ni takriban hektopaskali 0.12. Namba yenyewe ndiyo ya kutilia shaka: inaweza kukosea kwa 1 juu au chini, na kuhama kiasi hichohicho kwa mwaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaka kosa lisizidi 0.1, kwa hiyo hiki si kifaa cha kituo rasmi.

Ukinunua, angalia umbo. BMP280 ni mstatili wa milimita 2 kwa 2.5; BME280, ndugu yake anayepima pia unyevu na mwenye bei zaidi, ni mraba. Wauzaji huzichanganya, wengine kwa makusudi. Ukiwa na shaka, soma kwa programu rejista 0xD0, yaani sehemu ya kumbukumbu inayotunza kitambulisho cha kihisi: 0x58 ni BMP, 0x60 ni BME.

Kibao cha saketi kinachobeba kihisi, chenye pini 6, kwa kawaida hakina kidhibiti umeme, hivyo kipe volti 3.3. Volti 5 zitakiua, maana ukomo wake ni 4.25. Pini ya SDO ikiunganishwa na GND (hasi), anwani ambayo programu hukiitia kihisi ni 0x76. Ikiunganishwa na VCC (chanya), ni 0x77. Lawama nyingi za "kibovu" ni anwani tu iliyokosewa.

Kinachoharibu vipimo zaidi ni boksi. Likizibwa kabisa na kupigwa jua, kila nyuzi 1 ya joto huongeza hektopaskali 3 hivi ndani yake, yaani wimbi zima la siku. Toboa tundu dogo upande wa chini, pasipopigwa na upepo moja kwa moja. Usikifunike kihisi kwa gundi, wala usikiache kwenye mwanga mkali.

Nairobi kitasoma karibu 830. Hakijaharibika, ni mwinuko. Ili kupata mgandamizo wa usawa wa bahari, gawanya kipimo kwa (1 − h/44330)^5.255, h ikiwa mita za mwinuko. Kwa mwinuko, usitegemee GPS ya simu: pwani, kosa la mita 20 ni zaidi ya hektopaskali 2. Kisha linganisha na QNH, yaani mgandamizo wa usawa wa bahari wanaopewa marubani, ya uwanja wa ndege wa karibu kwa siku kadhaa, saa zilezile. QNH hushushwa hadi namba kamili, kwa hiyo wastani wake huwa pungufu kwa takriban nusu hektopaskali. Ongeza nusu hiyo kwenye QNH kwanza, ndipo uweke tofauti iliyobaki kwenye programu. Rudia kila mwaka.

Kanuni ya Zambretti, ya kutabiri hali ya hewa kutokana na mgandamizo, inayopatikana katika programu nyingi za mfano, ilitungwa kwa hewa ya Uingereza. Huku itatabiri mvua karibu kila alasiri, kwa sababu tu wimbi limeshuka. Ifute, kisha linganisha kipimo cha saa 10 ya leo na cha saa 10 ya jana.