Bloki la tundu: je, hewa inazuia joto kweli?

Jambo watu wa Goma, na nyie mnaoniangalia toka Bukavu. Leo sina simu wala redio mezani. Nina mabloki mawili ya matundu, yote ya unene wa sentimita 20. Aliyeniuzia alisema: "Mukubwa, tundu hili linazuia joto na baridi, ndani hautasikia kitu." Haya, tuone.

La kwanza ni la mchanga na kokoto nzito. Nalibeba kwa mikono miwili na mgongo unalia. La pili ni la kokoto za volkano, zile nyeusi na nyekundu. Jepesi! Sogeza kamera… mnaona vitobo? Ni gesi iliyonaswa lava ilipokuwa inapoa.

Nimewasha mbabula, jiko letu la makaa, nikasimamisha kila moja mbele ya moto saa kadhaa, nikashika upande wa nyuma. Lile zito, joto linasikika wazi. La volkano, vuguvugu tu. Sawa, mkono si kipimajoto, lakini hapa hata mtoto angesikia tofauti.

Na matundu yao makubwa yanafanana! Hapo ndipo muuzaji amenipiga chenga. Hewa iliyotulia ni mvivu wa kupitisha joto, zege zito linaipita zaidi ya mara 40. Ila kwenye tundu pana hewa haitulii: upande wa moto inapanda, upande wa baridi inashuka, inazunguka na joto mgongoni. Halafu uso wa ndani wenye moto unaumulikia ule wa baridi, kama mbabula inavyokuchoma uso ukiwa mbali nayo. Na joto lingine halina habari na tundu, linapita kwenye hivi vikuta vya katikati. Kwa hiyo mistari miwili ya matundu membamba inalishinda tundu moja pana, hasa vikuta vikipishana, joto lipige kona. Kitobo cha kokoto ni kidogo mno, hewa yake haina pa kuzungukia.

Kasoro? Nimelikwaruza hili jepesi kwa ufunguo, pembe imetoka unga. Simenti wameionea huruma. Tena linakunywa maji, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa mvua zetu hizi, usiliache bila lipu nje.

Fundi naye mwangalie. Wangu alitaka kujaza matundu yote simenti "nyumba ipate nguvu". Kwenye pembe na nguzo, ndiyo, sisi tuna matetemeko. Ukuta mzima? Umenunua tundu, umelizika.

Mimi nachukua la volkano, ila kwa mtengenezaji mwingine asiyebania simenti.

Na ukiungua saa saba mchana chini ya manjanja, yaani mabati, bila plafo, ile dari ya ndani, usilitukane bloki, joto hilo linatoka juu. Kwangu plafo bado. Si mnaona video nimeirekodia nje?